Bahasha za Chiriku

4 Machi

Kwako Chiriku, kama unavyopenda kuitwa,

Nakurudishia Somo la Saba. Umepata kumi na nane kati ya ishirini, na hizo mbili umezipoteza kwa haraka tu, si kwa kutojua. Sijawahi kukuona kwa macho, lakini nakuona kabisa: umekaa kwenye dirisha la mapokezi, mgonjwa wa jino amesimama mbele yako ameshika shavu, na wewe unamalizia sentensi ya mwisho chini ya kaunta.

Ile sentensi ya mgonjwa aliyemshukuru daktari kwa dakika nzima na kumbe mdomo una ganzi, hakuna aliyeelewa hata neno moja, niliisoma kwa sauti hapa ofisini. Wasahihishaji tuko wanne katika chumba kimoja, makaratasi yametuzunguka mpaka kwenye madirisha, na kazi yenyewe haichekeshi. Siku hiyo tulicheka.

Somo la Nane liko ndani. Linahusu maneno ambayo hayakauki midomoni mwa Waingereza: “supposed to”, yaani kutakiwa au kupaswa kufanya jambo. Watu wengi huyasema vizuri na kuyaandika vibaya, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kurukia maswali. Nakujua.

Yamebaki masomo matatu. Ukiyamaliza unapata cheti, na ukipata cheti unatoka dirishani na kuingia ndani, kwenye ile nafasi ya msaidizi wa daktari waliyokuahidi. Usilegee sasa.

Msahihishaji wako


16 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia. Mimi mzima. Ninakula. Najua ungeuliza, kwa hiyo nakujibu kabla: ninakula.

Tangu muondoke baada ya msiba nyumba imekuwa kubwa. Nimehamishia meza ya kupigia pasi karibu na mlango ili nisikie watu wakipita. Kazi zipo. Wateja wamekuwa wapole kupita kiasi, mtu unamcheleweshea suti siku mbili anasema hakuna neno. Yule mwalimu mkuu mkali, aliyekuwa akihesabu mikunjo ya suruali, sasa anapokea hata kama mkunjo umekwenda upande.

Juzi mtu wa posta alisimama mlangoni akaita, “Chiriku yupo?” Ni mgeni katika njia hii, hakusikia habari. Dada, tangu tumzike, kila anayemtaja hushusha sauti na kutanguliza neno marehemu. Huyu aliita tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemdai asaini. Mimi nikajibu, “Yupo.” Likanitoka. Nikasaini, nikapokea.

Ni yale masomo yake ya Kiingereza cha kuandika. Unakumbuka alivyokuwa akisoma upande wa pili wa meza yangu huku anatafuna karanga, mpaka mteja mmoja akarudi kulalamika kwamba ametoa ganda la karanga kwenye mfuko wa shati lililofuliwa? Mwalimu wake amemwandikia barua. Anamtania. Anamwambia usilegee sasa.

Nilikaa nimjibu mwalimu. Nikaandika, “Nasikitika kukujulisha,” kalamu ikasimama hapo. Nikafikiri, nikiituma hii, bahasha zimekwisha. Kliniki wameshaweka mtu mwingine dirishani. Rafiki zake wameshalia na kufuta machozi, na ni haki yao. Mahali pekee ambapo mtoto wangu bado anasubiriwa ni kwenye meza ya mwalimu huyu ambaye simjui.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Usinigombeze kabla hujamaliza kusoma. Somo la Nane nimelifanya mimi. Kiingereza changu unakijua: kile kidogo cha shule, na kile kilichoandikwa kwenye lebo za nguo, usichemshe, usikamue, piga pasi ya moto mdogo. Nimekitumia hichohicho. Kamusi yake ninayo. Nimetoka jasho kuliko siku ya mablanketi.

Kesho nalituma.

Mdogo wako


17 Machi

Kwa Mwalimu,

Somo nimelipokea na nimelijibu. Samahani kwa mwandiko, mkono una shida kidogo. Shati la pili lilinisumbua, yaani swali la pili.

Ahsante kwa kunisubiri.

Chiriku


2 Aprili

Kwako Chiriku,

Umepata saba kati ya ishirini. Nilirudi kusoma jina juu ya karatasi nikidhani nimechanganya wanafunzi.

Tatizo ni moja na liko kila mahali. Umeandika “suppose to”. Najua kwa nini: mtu akisema haraka, ile d ya mwisho haisikiki. Lakini kwenye maandishi inatakiwa kuwepo, na mbele yake kiwepo kitenzi kidogo, “am” au “is” au “was”. Wewe umeandika “The shirt suppose to be dry.” Andika “The shirt is supposed to be dry.” Fikiria lugha yetu. Tunasema, “Natakiwa kufika saa mbili.” Nani anayenitaka nifike? Hatajwi. Lakini yupo, na ndiyo maana nakimbia. Kiingereza nacho hufanya hivyo, na hiyo “am” na hiyo d ndizo zinazoonyesha kwamba amri imetoka kwa mwingine, haikutoka kwangu.

Hayo ni ya darasani. Sasa nataka kukuuliza la nje. Shati linatakiwa kuanikwa kivulini. Kola inatakiwa kutiwa wanga kabla ya pasi. Suruali ya sufu haitakiwi kukamuliwa. Sentensi zote ni za kufua! Wako wapi wagonjwa wa meno? Yuko wapi yule mama aliyekuja kung'olewa jino akiwa amejipaka rangi ya mdomo ili asionekane mgonjwa?

Chiriku, wamekuachisha kazi? Unafua nguo za watu ili upate riziki? Kama ndivyo, hakuna aibu, kazi ni kazi. Ila usikubali ufuaji ukafua na akili yako. Ulikuwa na kichwa chepesi sana, na mwezi mmoja tu umezembea hivi.

Somo la Tisa hili hapa. Linaendelea na maneno yaleyale, mara hii kwa mambo yaliyopita. Jikaze.

Msahihishaji wako


10 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo tena. Jibu la mwalimu limekuja. Saba!

Anauliza kama nimefukuzwa kazi kliniki. Anasema nisikubali ufuaji ukafua akili yangu. Dada, nimefua nguo za watu tangu nywele zikiwa nyeusi, na akili yangu iko palepale, haijapauka wala haijachuja. Nilitaka kumjibu kwamba kutoa doa la kutu kwenye kitambaa cheupe bila kukiunguza kunataka akili kuliko herufi d. Kisha nikakumbuka mimi ni Chiriku, siwezi kumjibu hivyo. Chiriku mwenyewe angemjibu, tena vibaya zaidi.

Kilichoniuma siyo hayo. Kilichoniuma ni kwamba ile saba ameiandika mbele ya jina la mtoto.

Hata hivyo nimejitahidi. Nimesoma maelezo yake mpaka yameniingia. Sasa nikinyunyizia nguo maji najisemea, inatakiwa, ilitakiwa, zilitakiwa. Jana mteja kaniuliza koti lake liko tayari, nikamjibu lilitakiwa kuwa tayari, akaniangalia akaondoka. La Tisa nimeshalituma. Swali moja nimeliacha.

Kuanzia asubuhi namsikiliza mtu wa posta kama mtoto anayemsubiri mama yake arudi kutoka sokoni.

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nimezisoma. Ya kwanza nililia. Ya pili nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta, halafu nikalia tena, sasa jirani haelewi anisalimie vipi.

Hebu nisikilize. Mtoto amejisomea kwa tabu, ametoka kazini miguu imevimba, amepata kumi na saba, amepata kumi na nane. Baba anakuja nyuma anamfelisha akiwa kaburini! Umesikia wapi jambo kama hilo? Maskini ya Mungu hata kujitetea hawezi. Na wewe Kiingereza uliachana nacho zamani. Si wewe uliyemuaga mwalimu wetu kwa “good morning” wakati wa kutoka shule, akakurudisha darasani, ukamuaga hivyohivyo tena?

Usidhani sikuelewi. Nilimlea na mimi. Alipokuwa mdogo na mama yake hayupo, nani alikuwa akimsuka huku anaongea mpaka kichwa kinanizunguka? Jina la Chiriku nilimpa mimi, kwa sababu ndege huyo hana nukta. Nami natamani mtu aite mlangoni, “Chiriku yupo?” Ningejibu kama wewe. Ningesema yupo, yuko ndani anaoga, subiri.

Lakini jina hilo ni lake, na alilifanyia kazi. Kila bahasha unayoituma inamletea bahasha nyingine, sawa, ila pia inampunguzia alama. Unamweka hai kwa kumfanya mjinga. Yeye hangekubali. Angekunyang'anya kalamu.

Mwambie mwalimu ukweli. Usipomwambia nitamwandikia mimi, na mimi nikianza kuandika sina breki, unanijua.

Na kula. Usiniambie tu kwamba unakula.

Dada yako


29 Aprili

Kwako Chiriku,

Tisa kati ya ishirini. Umepanda kidogo. Herufi d imerudi nyumbani, “was” na “were” zimekaa mahali pake, na hapo nimekuwekea vema kubwa ya kijani. Ulichopotezea ni tahajia ya maneno mengine, na swali la tano, ambalo hukuligusa kabisa. Kwa nini? Ndilo rahisi kuliko yote, na lina alama nne. Lilikutaka uandike jambo moja tu ambalo mtu wa nyumbani kwako alitakiwa kulifanya, na halikufanyika. Nani asiye na jambo kama hilo? Andika baba alitakiwa kununua mkate akasahau.

Nisikufiche. Mkuu wetu ameona alama hizi mbili. Somo lijalo likiwa hivi, jina lako litatolewa kwenye orodha ya wanaosubiri cheti, na utatakiwa kuanza upya. Nimemwambia kuna kitu kimekupata na kwamba huyu siye mwanafunzi wangu ninayemfahamu. Akaniuliza ni kitu gani. Nakuuliza wewe.

Kwa bahati mwezi ujao tunakuja mji wenu kwa semina, kuanzia tarehe ishirini. Nitapita kliniki. Kama bado uko hapo, tutakaa tulimalize somo hili pamoja. Kama hauko hapo, wataniambia unafulia wapi, nikufuate. Utanitambua: nitasimama dirishani nimeshika shavu.

Msahihishaji wako


16 Mei

Kwako Mwalimu,

Mimi siye Chiriku. Mimi ni baba yake. Ni dobi, chumba changu cha kazi kiko nyuma ya kituo cha mafuta, na zile sentensi za mashati ni zangu.

Chiriku alifariki mwezi wa pili. Somo la Saba alikuwa amelituma wiki ileile. Kichwa kilimwanza kazini, akameza vidonge akaendelea kuandika majina ya wagonjwa. Kesho yake shingo ikakakamaa. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba homa hiyo huwa haimpi mtu nafasi. Kweli haikumpa. Neno la mwisho aliloniambia nikalisikia vizuri ni kwamba nisisahau kuzima pasi.

Nimekaa na barua yako zaidi ya wiki moja, ndiyo maana nachelewa. Najua nimekudanganya. Barua yako ya kwanza ilifika ikimwita, ikimsubiri, na mimi nilitaka asubiriwe kidogo zaidi. Sikufikiri mbali kuliko hapo. Dada yangu aliniambia nitaharibu alama za mtoto, na nimeziharibu.

Swali la tano sikuliacha kwa kutojua. Nilipata jibu lake upesi kuliko mengine yote, kisha nikaona haliwezi kwenda chini ya jina lake. Sasa nalituma chini ya langu. Kwa Kiingereza ni hivi: “She was supposed to bury me.” Yeye ndiye aliyetakiwa kunizika mimi. Nimetanguliza “was”, na ile herufi ya mwisho nimeiweka. Nakuomba usiipe alama.

Ninaomba jambo moja. Ile saba na ile tisa ni zangu, unifelishe mimi. Yeye mwachie za kwake. Na kama barua hii itakuwahi, usiende kliniki. Binti aliyekaa dirishani sasa ni mgeni na ni mpole, atapata tabu kukujibu.

Bahasha najua zitakoma. Nimeshajiandaa kwa hilo.

Baba yake Chiriku


28 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta mezani kwangu jana niliporudi. Tulipishana njiani.

Kliniki nilikwenda. Nilishika shavu, kama nilivyoahidi. Yule binti akaniuliza, “La juu au la chini?” Nikamwambia, “Meno yangu mazima, namtaka Chiriku. Mwambie mwalimu wake amekuja na kiboko.” Nilisema hivyo huku nacheka, Baba. Akaweka kalamu chini. Hakunijibu pale dirishani. Alizunguka kaunta, akaja kusimama upande wangu, akanishika kiwiko, ndipo akaniambia. Ni mpole, kama ulivyosema. Hakupata tabu. Mimi ndiye niliyepata tabu, nikapewa kiti cha wagonjwa na maji ya kusukutulia.

Alinielekeza kwako. Nilifika. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mlango wako ulikuwa wazi, nawe umenipa mgongo, unapiga pasi soksi. Katika Somo la Nne Chiriku aliandika kwamba baba yake hupiga pasi hata soksi, na kwamba amemweleza mara nyingi kuwa hakuna binadamu atakayemvua mwenzake kiatu azikague. Hapa ofisini walisema ametia chumvi. Nilikuona ukiikunja moja, ukaiweka juu ya mwenzake, ukaipapasa kwa kiganja. Nikajua ni wewe. Nikajua pia ni nani aliyeniandikia mashati.

Nilitaka kuvuka. Kisha nikakumbuka nilivyokuandikia kwamba ufuaji usifue akili, na kwamba umezembea. Nikageuka, nikarudi kwenye semina. Nisamehe kwa maneno yale, na nisamehe kwa kuondoka bila kukusalimu.

Sentensi yako ni sahihi. Nasikitika kwamba ni sahihi. Sikuipa alama.

Mkuu wetu nimeongea naye. Somo la Nane na la Tisa yameondolewa kwenye jina la Chiriku. Cheti hakitoki kwa masomo saba. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa, na hakukataa kwa ubaya, kanuni ndivyo zilivyo. Lakini ndani ya bahasha hii kuna taarifa yenye mhuri. Inasema alifanya masomo saba na kufaulu yote, na alama yake ya chini kabisa ni kumi na sita. Hii ndiyo bahasha ya mwisho yenye jina lake. Nimeliandika kwa herufi kubwa.

Kuna bahasha nyingine pia, imetumwa siku moja na hii. Sikujua nikuandikeje, nikaandika Dobi. Ni Somo la Kwanza. Usidhani ni huruma. Ulitoka saba ukafika tisa na swali zima ukaliacha, bila mwalimu wa kukaa naye, kwa kamusi na lebo za nguo. Nimesahihisha watu wa ofisi kubwa ambao hiyo d hawajaiona mpaka leo. Kama hutaki, irudishe tu, hakuna ubaya. Kama unataka, endelea kuandika habari za mashati. Tangu nisome karatasi zako nimegundua nimekuwa nikiziunguza kola zangu mwenyewe.

Binti yako wa masomo


30 Julai

Kwako Mwalimu,

Marahaba, mwanangu. Samahani kwa ukimya, nimekuwa nikikutumia masomo bila barua. Mwandishi wa polepole anatakiwa kuvumiliwa.

Bahasha zote mbili zilifika pamoja. Mtu wa posta aliita, “Chiriku!” Nikatoka nikamwambia, “Alikuwa binti yangu. Amefariki. Nitampokelea mimi.” Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu mlangoni nikiwa nimesimama. Akavua kofia, akaniomba radhi kwa siku zote alizopiga kelele. Nikamwambia asiombe radhi, hajui alivyonisaidia. Halafu akatazama ya pili, akauliza kwa sauti ndogo sana, “Na huyu Dobi yupo?” Nikamwambia, “Huyu yupo. Huyu unaweza kumwita kwa nguvu.”

Taarifa yake ilikuwa imekunjika pembeni safarini. Nimeinyoosha kwa pasi ya vuguvugu, kitambaa juu, mhuri haukuguswa na moto. Iko ukutani juu ya meza. Yule mwalimu mkuu mkali aliisoma akaniuliza ni ya nani, nikamwambia. Akasema kumi na sita kuwa ndiyo ya chini kabisa si mchezo. Kisha akaniambia mkunjo wa suruali yake umekwenda upande. Nimefurahi. Nilianza kuogopa kwamba hatanigombeza tena.

Kuvuka barabara usione haya. Siku hiyo ningekuona ningefurahi, lakini pengine ningelia, na soksi za mteja zilikuwa zimeshakauka. Njoo siku nyingine. Lete hizo kola, nikuonyeshe. Moto wako ni mkali mno, na unaanzia katikati. Kola huanzwa ncha.

Somo la Kwanza umenipa kumi na moja, la pili kumi na tatu. Nimeyapokea. Nikueleze ninavyofanya. Karatasi zake zote zimo kwenye mfuko wake wa kazini, na zamani nilizitazama tu kama mtu anavyotazama picha, kwa sababu sikuzielewa. Sasa nikipata somo najibu kwanza mwenyewe, peke yangu, sichungulii. Nikishalituma kwako ndipo nafungua la kwake. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo naona tulivyojibu wote wawili. La kwanza alinishinda kwa alama tano, la pili kwa nne. Jinsi ninavyomjua, hilo linampendeza.

Akiandika la kuchekesha natafuta neno mojamoja kwenye kamusi, nacheka nimechelewa, kama mtu aliyesimuliwa mzaha kwenye simu mbovu. Lakini nacheka. Katika la pili kuna daktari anayeogopa sindano. Sikuwahi kulisikia hilo, na mimi nilidhani ameniambia kila kitu, maana mdomo ulikuwa haufungwi.

Sijafika la nne. Dada alipokuja kunitembelea alitaka tuliruke tukasome hiyo habari ya soksi, nikamkatalia. Sitaki kuruka. Yamebaki masomo matano yake ambayo sijayasoma, na kwa mwendo wangu ni mazungumzo ya muda mrefu. Baada ya la saba nitakuwa peke yangu, najua. Nitaendelea hivyohivyo hadi la kumi, kwa sababu safari hii nitakapofika la nane nataka ishirini.

Dada anasema haiwezekani mdogo wake ajue Kiingereza na yeye asijue, kwa hiyo anaulizia fomu. Nakuonya mapema: hana breki.

Ninakula. Nimeirudisha meza mahali pake, mbali na mlango, maana sasa nikiitwa nasikia.

Sina zaidi, mwanangu. Fanya kazi kwa amani. Naomba tu umkumbuke Chiriku, na mimi pia unikumbuke.

Dobi